Janusz Korczak: Daktari aliyewafunza walimu kuusoma moyo wa mtoto

HUSIMULIWA kwamba walimu waliokuwa mafunzoni jijini Warsaw, Poland, waliitwa siku moja wahudhurie mhadhara katika chumba cha eksirei. Daktari aliingia akiwa amemshika mkono mtoto mdogo aliyejawa na hofu, akamsimamisha nyuma ya mtambo na kuzima taa. Wote wakauona moyo wa mtoto huyo ukidunda mbio. Daktari akawasihi waukumbuke moyo huo kila watakapotaka kumwinulia mwanafunzi mkono. Mhadhara ukaishia hapo.

Daktari huyo ni Janusz Korczak, Myahudi aliyezaliwa Warsaw mwishoni mwa miaka ya 1870 kwa jina Henryk Goldszmit. Baba yake aliugua maradhi ya akili na kufariki mwaka wa 1896. Kijana huyo, angali mwanafunzi, akalazimika kufundisha watoto wa wenzake majumbani ili kuikimu familia.

Alihitimu udaktari mwaka wa 1905. Hata hivyo, mwaka wa 1912 alichukua usimamizi wa makao ya mayatima katika barabara ya Krochmalna, akisaidiana na mwalimu Stefania Wilczyńska.

Humo watoto walikuwa na mahakama yao. Mahakimu walikuwa watoto, na hata mwalimu aliweza kushtakiwa. Korczak mwenyewe alifikishwa mbele yao zaidi ya mara moja. Aghalabu hukumu ilikuwa msamaha.

Mtoto mgomvi hakuamrishwa aache ugomvi ghafla. Aliweka ahadi na Korczak kwamba wiki hiyo angepigana mara chache kuliko iliyotangulia, na akifaulu alizawadiwa peremende. Aliyeona haya kueleza shida yake kwa mdomo aliiandika na kuitia katika sanduku la barua. Mwaka wa 1926, Korczak alianzisha gazeti lililoandikwa na watoto wenyewe.

Mwaka wa 1940, utawala wa Manazi uliwahamishia mayatima hao katika mtaa uliozungushiwa ukuta, walikofungiwa Wayahudi. Marafiki walijitolea kumtorosha Korczak, naye akakataa kuwaacha watoto. Mnamo Agosti 1942, yeye, Stefania na watoto wapatao 200 walipakiwa katika treni na kupelekwa kambi ya Treblinka, walikouawa.

Ni nchi yake, Poland, iliyopendekeza Mkataba wa Haki za Mtoto katika Umoja wa Mataifa mwaka wa 1978. Mkataba huo ulipitishwa mwaka wa 1989, na Kenya ikauridhia mwaka wa 1990. Mwaka wa 2001, viboko vilipigwa marufuku katika shule zetu.

Sheria hiyo pekee haitoshi kumwondolea mwanafunzi hofu. Mtoto anayetetemeka huliona somo ubaoni lisimwingie akilini. Sanduku la barua katika kona ya darasa, na mwalimu mwenye subira ya kuzisoma barua hizo, ni mambo ambayo hata shule maskini yaweza kuyamudu.