Kabla ufute hilo jibu, mjue Sadi Carnot

Uko Homa Bay mjini, umeshinda na daftari la themodinamiki tangu asubuhi. Swali linasema: injini inapokea joto kwa nyuzi 327 za Selsiasi na kulitoa kwa nyuzi 27. Ufanisi wake wa juu kabisa ni upi? Umepiga hesabu ukapata asilimia 92. Pole, hapo umenaswa. Lakini kabla ufute, hebu mjue jamaa aliyekuletea hii kazi.

Sadi Carnot alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 1 Juni 1796. Babake, Lazare, alikuwa mwanahisabati na wakati mmoja waziri wa vita wa Napoleon. Mtoto akapewa jina la Sadi, yule mshairi wa Shiraz, Uajemi. Akiwa na miaka 16 tu, aliingia chuo cha École Polytechnique, kisha akawa mhandisi wa jeshi.

Lakini akili yake ilikuwa kwenye injini za mvuke. Waingereza walikuwa wameenda mbali nazo, ila mafundi walikuwa wakijaribu-jaribu tu. Carnot akauliza: je, kuna mahali ufundi wote hugonga mwamba?

Mwaka 1824 alitoa jibu katika kitabu chembamba. Fikiria maporomoko ya Gogo kule Migori. Maji yasiposhuka, mtambo hauzunguki. Carnot aliona joto vivyo hivyo: ni lazima litoke penye moto liende penye baridi. Kinachoweka mpaka ni halijoto za pande hizo mbili, haijalishi injini inatumia mvuke au hewa.

Fomula unayotumia ilikamilishwa na waliomfuata, na inataka halijoto ihesabiwe kutoka sufuri halisi, si sufuri ya barafu. Kwa hivyo ongeza 273 kila upande: 600 na 300. Gawanya 300 kwa 600, upate nusu. Toa kwa moja, inabaki nusu. Jibu ni asilimia 50, na hiyo ni injini isiyo na kasoro hata moja! Boda yako haifiki hapo. Joto jingi linatokea kwa ekzosi, ile ile iliyokuachia alama mguuni.

Kitabu hicho hakikushtua watu. Tena kilikuwa na kosa: Carnot aliamini joto ni kama kiowevu kisichopotea. Baadaye, kwa maandishi yake ya faragha, alianza kujikosoa mwenyewe, akaona kwamba joto ni mwendo na hugeuka kuwa kazi. Hakuwahi kuyachapisha.

Tarehe 24 Agosti 1832 kipindupindu kilimuua, akiwa na miaka 36. Sisi watu wa ziwani tunaujua huo ugonjwa. Kwa kuogopa maambukizi, vitu vyake vingi viliharibiwa pamoja na karatasi zake. Miaka miwili baadaye Clapeyron alifufua wazo lake, kisha Kelvin na Clausius wakalijenga upya. Kurasa chache zilizookolewa na kakake zilichapishwa mwaka 1878, na hapo ndipo watu wakajua kumbe alikuwa ameliona kosa lake mapema.

Kwa hivyo hiyo 92 usiifute. Ikate kwa mstari mmoja, uandike chini yake ulipokosea, halafu uendelee na swali la pili.