Rashidi Kawawa, Mcheza Sinema Aliyekuwa Kiongozi

Je, umewahi kutazama sinema? Zamani sinema zilizopigwa hapa nchini zilikuwa chache sana. Mmoja wa wenyeji wa kwanza kucheza katika sinema hizo alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa.

Kawawa alizaliwa mwaka 1926 upande wa Songea. Ukitoka hapa Arash kwenda huko, unavuka karibu nchi nzima. Alisoma Tabora. Kisha aliajiriwa na serikali ya Waingereza katika kazi za ustawi wa jamii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alicheza sinema iitwayo Muhogo Mchungu. Humo alikuwa mtu wa shamba aliyekwenda mjini Dar es Salaam na kukutana na taabu za mji.

Wakati huo mtumishi wa serikali alikatazwa kujiunga na TANU. Kawawa alikuwa na kazi nzuri na mshahara wa kila mwezi. Wewe ungefanyaje? Yeye aliiacha kazi mwaka 1956. Akashika kazi ya chama cha wafanyakazi, akaingia TANU.

Tarehe 22 Januari 1962 Mwalimu Nyerere alijiuzulu Uwaziri Mkuu ili akaijenge TANU. Kawawa akashika nafasi yake. Mwaka huohuo serikali yake ilitunga sheria za kuzuia migomo. Kiongozi wa wafanyakazi sasa anazuia migomo! Wenzake wa zamani walinung'unika. Yeye hakurudi nyuma.

Mwezi wa Juni 1964, akiwa Makamu wa Pili wa Rais, aliongoza ujumbe wetu kwenda China. Nchi kubwa za Magharibi hazikupenda urafiki huo. Lakini ujumbe ulirudi na ahadi ya msaada. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichofunguliwa mwaka 1968, kilijengwa kwa msaada wa China. Huenda uliwahi kuvaa khanga zake.

Mwaka 1967 Kawawa alitangaza kwamba kazi za serikali zifanywe kwa Kiswahili. Kabla ya hapo barua nyingi za serikali ziliandikwa kwa Kiingereza. Mzee wa kijiji aliyepata barua alitafuta mtu wa kumsomea, na msomaji mwenyewe pengine hakuielewa.

Watu walimwita Simba wa Vita. Alifariki Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2009, akazikwa shambani kwake Madale.