Shewhart: Mwanafizikia aliyezipa maana takwimu za kiwandani

Walter Andrew Shewhart alizaliwa Machi 18, 1891, katika mji mdogo wa New Canton, jimbo la Illinois, Marekani. Alipata shahada ya uzamifu katika fizikia kutoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mnamo 1917. Mwaka uliofuata aliajiriwa na kampuni ya Western Electric, iliyounda vifaa vya simu katika kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago.

Enzi hizo, kulinda ubora kulimaanisha wakaguzi kusimama mwisho wa kazi na kuondoa vifaa vibovu. Vipimo viliandikwa na kuhifadhiwa, basi. Hata vilipotumiwa, aghalabu vilizidisha hasara: kipimo kikipanda kidogo, mashine hurekebishwa, kikishuka, hurekebishwa tena, na tofauti kati ya kifaa na kifaa zikaongezeka.

Mei 16, 1924, Shewhart alimpelekea mkubwa wake, George Edwards, waraka usiozidi ukurasa mmoja. Ndani yake mlikuwa na mchoro wa nukta za vipimo zilizofuatana kwa wakati, zikizingirwa na mistari ya mipaka. Nukta zikitawanyika ovyo ndani ya mipaka, tofauti hizo zatokana na mfumo wenyewe, na mashine iachwe ilivyo. Nukta ikivuka mpaka, ipo sababu mahsusi, pengine malighafi duni au chombo kilicholika, nayo sharti isakwe.

Uzito wa mchango wake umo humo, kuliko hata katika hesabu zenyewe. Fundi hawezi tena kulaumiwa kwa kasoro za mfumo ambao hakuubuni; wa kuubadilisha ni msimamizi.

Kuanzia 1925 hadi alipostaafu 1956, Shewhart alihudumu katika maabara za Bell. Kitabu chake cha 1931 kiliweka misingi ya taaluma hii, ingawa maandishi yake, ni kweli, yalikuwa mazito mno. Mwanatakwimu W. Edwards Deming ndiye aliyehariri mihadhara yake iliyochapishwa 1939, kisha akayafunza mawazo hayo nchini Japani mnamo 1950.

Kiwango cha ISO 9001, kilichotolewa mara ya kwanza 1987, huzitaka kampuni zitunze kumbukumbu za ubora. Zipo zinazoyafungua mafaili hayo siku mkaguzi anapobisha hodi tu, na Shewhart asingeona tofauti kati yazo na kiwanda alichokikuta 1918.

Alifariki Machi 11, 1967, jimboni New Jersey, siku saba kabla ya kutimiza umri wa miaka 76.