Peter Tosh na Miche Mitano ya Bangi

Msanii akiikabili sheria, adhabu humfikia upesi, bali mageuzi anayoyadai huweza kuchelewa hata akafa hajayaona. Ndivyo ilivyokuwa kwa Peter Tosh, mwanamuziki wa rege wa Jamaika.

Tosh alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1944 huko Grange Hill, Westmoreland, akaitwa Winston Hubert McIntosh. Ujanani alihamia Trench Town, mtaa wa makabwela jijini Kingston, akakutana na Bob Marley na Bunny Livingston. Watatu hao ndio waliokuwa nguzo za kundi la The Wailers. Aidha, Tosh aliifuata imani ya Rastafari, ambayo waumini wake huitumia bangi katika ibada.

Mmea huo ulikuwa na historia ndefu kisiwani. Inaaminika kuwa uliletwa na vibarua wa Kihindi, walioanza kuwasili mwaka 1845, pamoja na jina lake, ganja. Neno letu bangi nalo lina asili yake Bara Hindi. Serikali ya kikoloni iliupiga marufuku mwaka 1913, na uhuru wa mwaka 1962 haukuiondoa marufuku hiyo. Mnyonge aliyepanda mche nyuma ya kibanda chake aliishi kwa hofu ya kifungo.

Baada ya kuachana na The Wailers, Tosh alitoa albamu ya Legalize It mwaka 1976. Jalada lake linamwonyesha ameketi kati ya mimea ya bangi akivuta kiko. Yamkini wapo waliomwona kuwa mwamba ngoma avutiaye ngozi kwake. Hata hivyo, wimbo uliobeba jina la albamu unawataja pia madaktari, wauguzi na mahakimu kuwa miongoni mwa wavutaji. Hapo ndipo ulipo uzito wa hoja yake: kosa ni la wote, lakini jela ni ya maskini. Redio za Jamaika ziliupiga wimbo huo marufuku.

Mnamo Aprili 1978, katika tamasha la amani jijini Kingston, Tosh alivuta bangi jukwaani na kuukemea utawala mbele ya Waziri Mkuu Michael Manley na kiongozi wa upinzani Edward Seaga. Miezi michache baadaye alikamatwa na polisi, akapigwa akiwa kizuizini hata akajeruhiwa vibaya. Hakuiacha kauli yake. Tarehe 11 Septemba 1987 aliuawa kwa risasi na majambazi waliomvamia nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka 42.

Mwaka 2015, miaka 28 baada ya kifo chake, Bunge la Jamaika liliirekebisha sheria. Kila kaya iliruhusiwa kupanda miche isiyozidi mitano. Marasta wakaruhusiwa kuitumia bangi katika ibada. Naye anayepatikana na wakia mbili au chini yake hutozwa faini ndogo badala ya kutiwa mbaroni. Kuiuza bila leseni kumebaki kuwa kosa.

Si lazima msomaji aipende bangi ndipo authamini mchango wa Tosh. Mageuzi hayo hayakuwa kazi ya mtu mmoja, wala hayakutimiza yote aliyoyadai. Lakini mkulima wa Westmoreland anayeimwagilia maji miche yake mitano leo haoni haja ya kuificha askari apitapo.