Mtakatifu Damien wa Molokai: Padre Aliyeungama kwa Kupaza Sauti



Kijana mwenzangu, kama parokia yenu ina vigango vingi, unaijua Dominika ya padre wenu. Misa ya kwanza parokiani, kisha anarukia pikipiki kwenda kigango cha pili, na huko anakuta wagonjwa wa kupakwa mafuta, ndoa yenye mgogoro na bati la kanisa lililong'oka. Sisi tunamwona Dominika tu. Wiki yake iliyobaki hatuijui. Leo tumtazame padre mmoja wa zamani ambaye wiki yake ilimmaliza kabisa, na ambaye Kanisa linamkumbuka kila tarehe 10 Mei.

Alizaliwa tarehe 3 Januari 1840 katika kijiji cha Tremelo, Ubelgiji, akabatizwa Jozef. Ukoo wao ni De Veuster, watu wa shamba na biashara ya nafaka, na baba yake alitaka kijana huyu airithi biashara. Lakini kaka yake Auguste alikuwa ameshaingia Shirika la Mioyo Mitakatifu ya Yesu na Maria, akapewa jina la Pamphile. Mwaka 1859 Jozef naye akamfuata, akaitwa Damien. Mwanzoni walezi waliona elimu yake ni ndogo mno kwa upadre, wakampangia kuwa bruda. Yeye hakununa. Alijifunza Kilatini kidogokidogo kwa kaka yake, mpaka wakubwa wakabadili mawazo.

Mwaka 1863 Pamphile alipangiwa kwenda visiwa vya Hawaii, na kabla ya safari akaugua homa kali. Damien, ambaye hata upadre alikuwa hajapata, akaandika barua moja kwa moja kwa mkuu wa shirika huko Paris kuomba aende badala yake. Akakubaliwa. Alifika Honolulu tarehe 19 Machi 1864, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa jina lake la ubatizo. Miezi miwili baadaye, tarehe 21 Mei, akapewa daraja la upadre.

Karibu miaka tisa alifanya utume katika kisiwa kikubwa cha Hawaii, kwanza Puna, halafu Kohala na Hamakua. Yalikuwa maeneo mapana ya milima na mabonde, safari ni kwa farasi au kwa miguu. Palipokosa kanisa, alishika msumeno na nyundo akajenga. Mikono ya mtoto wa mkulima ilimsaidia kuliko vitabu.

Wakati huohuo ukoma ulikuwa unawatesa wenyeji. Mwaka 1865 ilitungwa sheria ya kuwatenga wagonjwa, na kuanzia 1866 wakawa wanapelekwa kwenye rasi moja ya kisiwa cha Molokai. Pande tatu ni bahari, nyuma ni jabali refu lililosimama kama ukuta. Ukishushwa pale, basi, hurudi nyumbani. Mume aliachana na mke, mama na mtoto wake.

Mwezi Mei 1873, kwenye kubariki kanisa jipya kisiwani Maui, Askofu Louis Maigret aliwaeleza mapadre wake jinsi wagonjwa wale walivyokuwa wanakufa bila sakramenti. Hakutaka kumwamuru mtu. Mapadre wanne walijitolea kwenda kwa zamu, na Damien akawa wa kwanza. Alifika tarehe 10 Mei 1873, akiwa na miaka 33. Nyumba haikuwepo, akalala chini ya mti. Ile zamu yake ilidumu miaka kumi na sita.

Hebu sasa tuione wiki yake.

Siku ilianza na Misa Takatifu katika kanisa dogo la Mtakatifu Filomena, kijijini Kalawao. Baada ya Misa, mafundisho. Halafu anaanza mzunguko wa nyumba kwa nyumba. Wagonjwa walikuwa mamia, na kuwapitia wote majumbani mwao kulichukua wiki nzima. Akimaliza nyumba ya mwisho, anaanza tena ile ya kwanza. Hakuruka mlango kwa sababu wenyewe ni Waprotestanti au hawana dini. Alisafisha vidonda, akafunga vitambaa, akaungamisha, akapaka mafuta. Harufu ya vidonda mwanzoni ilimshinda, hata akalazimika kutoka nje ya nyumba apate hewa. Akaanza kuvuta kiko ili moshi uifunike, kisha akarudi ndani.

Mchana ulikuwa wa kazi za mikono. Alitengeneza majeneza, kwa sababu kabla yake maiti nyingi zilizikwa bila sanduku. Alichimba makaburi, akazungushia makaburi uzio, akaanzisha chama cha mazishi. Upepo mkali ulipobomoa vibanda, aliisumbua serikali mpaka mbao zikaja, akajenga nyumba pamoja na wale walioweza bado kushika nyundo. Alisimamia mabomba ya kuleta maji kijijini. Yatima aliwajengea nyumba, wavulana kwao na wasichana kwao. Aliunda kwaya na bendi, na wapiga vyombo wengine walikuwa na vidole pungufu.

Dominika alisali Kalawao, kisha akaenda Kalaupapa, upande wa pili wa rasi, kusali tena. Kanisani alitoboa matundu kwenye sakafu ili wagonjwa waliokuwa wakitokwa na mate wasione aibu kuja Misani. Ndugu, fikiria hilo tundu. Ni padre aliyekaa akawaza: kitu gani kinamzuia huyu asije kwa Yesu? Akakiondoa kwa patasi.

Lakini yeye mwenyewe alikuwa na njaa moja. Aliungamisha watu wote, na hakuwa na wa kumuungamisha. Muda mfupi baada ya kufika, wakuu wa afya walimkataza kutoka. Mkuu wake wa shirika alipokuja na meli kumwona, nahodha akakataa asishuke. Damien akaenda kwa mtumbwi hadi ubavuni mwa meli, na pale majini, mbele ya abiria na mabaharia, akaungama dhambi zake kwa Kifaransa kwa kupaza sauti. Padre akamwondolea akiwa juu, mtumbwi ukarudi pwani.

Sisi tunapita mbele ya kiti cha maungamo kila Jumamosi tukisema nitakuja wiki ijayo.

Tusimfanye malaika. Alikuwa mkali, mwenye haraka, na akishikilia jambo halimtoki. Mapadre waliotumwa kumsaidia waligombana naye, wakubwa wakachoshwa na maombi yake yasiyoisha. Upweke ulimuuma. Kilichomrudisha kwenye mstari ni Ekaristi. Aliwapangia wagonjwa zamu za kuabudu, naye akapiga magoti hapohapo pamoja nao.

Mwezi Desemba 1884 aliloweka miguu kwenye maji ya moto sana, akaona ngozi inaungua na yeye hasikii kitu. Akajua. Katika mahubiri alikuwa amekwishazoea kujihesabu mmoja wao. Sasa ikawa kweli mwilini. Aliendelea na kazi zaidi ya miaka minne. Wasaidizi walikuja mwishoni: Joseph Dutton mwaka 1886, na Mama Marianne Cope na masista wake mwaka 1888, ambaye leo naye ni mtakatifu. Damien alifariki tarehe 15 Aprili 1889, Jumatatu ya Juma Kuu, akiwa na miaka 49. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri mwaka 1995, na Papa Benedikto wa Kumi na Sita akamtangaza mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009.

Kijana, labda hutatumwa Molokai. Ila una mtu mmoja ambaye watu wanamkwepa: mgonjwa wa mtaani, bibi anayeishi peke yake, mwenzako aliyeanguka na sasa anasemwa. Wiki hii mtembelee. Wiki ijayo rudi, maana Damien alirudi kila wiki. Na Jumamosi usipite mbele ya kile kiti. Ingia.

Ee Yesu, uliyempa Padre Damien moyo wa kukaa, utupe nasi moyo wa kurudi kwa wale waliosahauliwa, na unyenyekevu wa kuungama dhambi zetu. Amina.

Mtakatifu Damien wa Molokai, utuombee.