Eugène Dubois, munganga aliyefukua mifupa ya Java bila kujua umri wake

Mwaka 1887, munganga kijana wa Uholanzi aliacha kazi ya kufundisha kwenye Chuo Kikuu cha Amsterdam, akaingia jeshini, akapanda meli pamoja na bibi yake na mtoto wao mchanga. Eugène Dubois, aliyezaliwa Eijsden mwaka 1858, alikwenda kutafuta mifupa ya mababu wa binadamu katika inchi ambayo leo ni Indonesia. Wakati huo ilikuwa koloni ya Uholanzi.

Alianzia kwenye mapango ya Sumatra, bila mafanikio makubwa. Malaria ikamwangusha, na mwaka 1890 akahamia Java. Huko waliochimba ni wafungwa, chini ya wanajeshi wawili, jambo linalosahauliwa mara nyingi sifa zinapogawanywa. Mwaka 1891, kule Trinil, kando ya mto Solo, walitoa jino na sehemu ya juu ya fuvu. Mwaka uliofuata wakapata mfupa wa paja.

Fuvu lilikuwa dogo kuliko la mtu wa leo, lakini paja lilifanana na letu. Dubois akasema ni kiumbe mmoja aliyetembea wima. Leo anaitwa Homo erectus, ingawa wataalamu wengi wanaona paja lile ni la mtu wa baadaye.

Ulaya wasomi waligombana: wengine walisema ni nyani, wengine mtu wa kawaida. Dubois alikasirika, akaifungia mifupa zaidi ya miaka 20, mpaka 1923. Alikufa mwaka 1940.

Umri ulibaki kitendawili. Yeye alikadiria tu kwa kutazama tabaka za udongo na mifupa ya wanyama. Mwaka 1994, watafiti waliopima madini ya volkeno walitangaza kwamba watu wa kale walikuwa Java tangu miaka milioni 1.8 iliyopita. Mwaka 2020, kikundi kingine kilipima upya huko Sangiran, kikashusha hesabu hadi karibu milioni 1.3. Tofauti ni nusu milioni ya miaka, kwa kisiwa kimoja! Na China kuna vifaa vya mawe vinavyopewa miaka milioni 2.1.

Mabaki aliyopeleka Dubois yalikaa Leiden. Mwezi wa 9 mwaka 2025, Uholanzi ilikubali kurudishia Indonesia vipande zaidi ya 28,000, fuvu la Trinil likiwa kati yake.