Jimi Hendrix, mutu wa mukono wa kushoto aliyeimbisha mashini

Kuko muziki moja ambayo vijana wanaiita hard rock. Wazee wengi wakiisikia ku radio wanaifunga mara moja: wanasema ni kelele, wanasema mashini imeharibika. Wazee hawakosei sana. Ile sauti ilianza kweli na mashini zilizoharibika. Lakini kuko mutu mumoja aliyechukua lile kosa la mashini na kulifundisha kuimba. Jina lake ni Jimi Hendrix. Aliishi miaka 27 tu, na kazi yake kubwa yote aliifanya mu miaka mine.

Kwanza tuondoe kosa moja. Sisi watu wa mine, tukisikia rock, tunafikiri jiwe, mwamba wa chini ya udongo. Kwa Kiingereza neno ni moja, lakini maana ni mbili. Rock ya muziki inatoka ku kuyumbisha, vile mama anayumbisha mutoto ao wachezaji wanayumbisha mwili. Hard ni ngumu, yenye nguvu. Basi ni muziki ya kuyumbisha kwa nguvu.

Jimi alizaliwa tarehe 27 mwezi wa 11 mwaka wa 1942, mu muji wa Seattle, kaskazini-magharibi ya Marekani. Mama yake, Lucille, alikuwa na miaka 17. Baba yake, Al, alikuwa mu jeshi. Vita ya pili ya dunia ilikuwa inawaka, na wakubwa wake hawakumupa ruhusa ya kuenda kuona mutoto. Mama alimupa mutoto jina Johnny Allen. Baba aliporudi alibadilisha, na mwaka wa 1946 mutoto akaandikwa James Marshall. Mushike vizuri hili jina Marshall, litarudi.

Nyumba haikuwa na amani. Pombe ilikuwa mingi, magomvi pia, na wazazi waliachana mwaka wa 1951. Watoto walizunguka ku nyumba za jamaa na za majirani. Mama alikufa mwaka wa 1958. Jimi alikuwa na miaka 15. Baba alikuwa anafanya kazi ya bustani za watu, na feza ilikuwa kidogo. Mutoto alikuwa anashika fagio na kujifanya iko anapiga gitare. Siku moja, wakisaidia kuondoa vitu mu nyumba ya mama mumoja muzee, alipata mu takataka kigitare kidogo kinachoitwa ukulele. Kilikuwa kimebakia na kamba moja tu. Ku ile kamba moja njo alianza kutafuta sauti. Mwaka wa 1958 akapata gitare ya kweli, ya mbao, kwa dola 5. Mwaka uliofuata baba alimununulia ya umeme.

Jimi alikuwa mutu wa mukono wa kushoto. Baba hakupenda ile. Kama wazee wengi wa wakati ule, aliona kushoto ni upande wa shetani. Ndugu yake mudogo alisimulia kisha namna Jimi alijipanga: baba akiwa karibu, anapiga kwa mukono wa kuume; baba akitoka, anageuza gitare na kupiga kwa kushoto. Mpaka mwisho wa maisha yake, alikuwa anachukua gitare ya watu wa kuume, anaipindua chini juu, na anafunga kamba upya. Mutu akimuangalia, aliona kitu kimepinduka. Akisikia, hakuona kosa.

Mwaka wa 1961 polisi walimukamata mara mbili ndani ya motokari za wizi. Walimupa kuchagua: kifungo ao jeshi. Akachagua jeshi. Akawekwa mu divizio ya 101, ya askari wanaoruka toka ndege na parashuti. Kule kambini alikutana na Billy Cox, mupiga gitare ya besi, na urafiki wao ulidumu mpaka mwisho. Jeshi lilimuachilia mwaka wa 1962.

Kisha ikafuata miaka ya shida. Alizunguka kusini ya Marekani, mu mabaa na majumba ambamo weusi walikuwa wanapigia weusi wenzao, sababu ubaguzi ulitenga kila kitu. Alipiga nyuma ya Isley Brothers, kisha nyuma ya Little Richard. Little Richard alikuwa musitari mukali: hakutaka mupiga gitare avae kumupita, wala achelewe. Jimi alikuwa anavaa kumupita na anachelewa. Hawakudumu.

Mwezi wa 10 mwaka wa 1965, mu New York, Jimi alitia mukono ku kontra ya mufanyabiashara mumoja. Miaka tatu ya kazi, malipo dola 1, na sehemu 1 kwa 100 ya mauzo. Alikuwa na njaa, hakuangalia sana ile karatasi, na kisha aliisahau. Ile karatasi haikumusahau.

Sasa tuache Jimi kidogo mu New York, tuangalie ile sauti ilitoka wapi, sababu hakuizaa yeye peke yake.

Wakati wa vita, weusi wengi wa kusini waliacha mashamba ya pamba, wakaenda kutafuta kazi mu viwanda vya kaskazini. Muddy Waters alifika Chicago mwaka wa 1943 toka Mississippi. Kule baa ilikuwa inajaa wafanyakazi waliotoka kazini, wanakunywa, wanasema kwa nguvu. Gitare ya mbao haikusikika. Akachukua ya umeme. Blues, wimbo wa shida wa mashambani, ikapata sauti kubwa sababu ya kelele ya wafanyakazi.

Mwaka wa 1951 kundi la Ike Turner lilikuwa njiani kuenda Memphis kurekodi. Njiani ampli ya gitare ikaharibika. Waliingiza makaratasi ndani ya bafle, wakapiga vile vile. Sauti ilitoka inakwaruza, na watu waliipenda. Mwaka wa 1964, ku London, kijana Dave Davies wa kundi Kinks alipasua bafle yake kwa wembe, makusudi, ili apate ile sauti ya kukwaruza. Mu miaka ile 13, kosa la njiani lilikuwa limekuwa kitu cha kutafuta.

Namna gani inafanyika? Chini ya kamba za chuma za gitare ya umeme kuko sumaku, na zimezungushiwa uzi mwembamba wa shaba, mara elfu na elfu. Kamba ikitetemeka juu ya sumaku, umeme mudogo unazaliwa ndani ya ule uzi. Sisi watu wa shaba tunaweza kufurahi: bila shaba, gitare ya umeme ni kipande cha ubao tu. Ule umeme mudogo unaenda mu ampli, na ampli inaukuza. Ampli za wakati ule zilifanya kazi na taa za kioo, na kila taa iko na mupaka wake. Ukibakia ndani ya mupaka, sauti inatoka safi. Ukiupita, taa haiwezi tena kubeba: mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa, na mu kukatwa kwake sauti zingine zinazaliwa juu ya ile ya kwanza. Sauti inakuwa nene, inakwaruza, inadumu. Mafundi walioziunda waliona ile kuwa kosa. Wapigaji wa hard rock njo walifanya nyumba yao mule.

Mu mwaka wa 1966, Chas Chandler, mupiga besi wa kundi la Kiingereza Animals, alisikia Jimi mu kabaa kamoja ka New York. Alimuchukua, na tarehe 24 mwezi wa 9 wakashuka London. Walitafuta vijana wawili: Noel Redding wa besi na Mitch Mitchell wa ngoma. Watu watatu tu. Wiki moja kisha kufika, Jimi aliomba kupanda jukwaani pamoja na Cream, kundi la Eric Clapton. Wakati ule Waingereza walihesabu Clapton kuwa wa kwanza kati ya wapiga gitare wote. Jimi alipoanza, Clapton aliacha kupiga, akatoka jukwaani.

Mwezi wa 10 kundi lilivuka kuenda Ufaransa, likafungua jukwaa la Johnny Hallyday. Tarehe 18 walikuwa ku Olympia, Paris. Watu walikuja kuona Johnny. Walirudi nyumbani wakiuliza yule mweusi ni nani.

Mitch Mitchell, alipokuwa kijana, alifanya kazi mu duka la Jim Marshall, muuzaji wa ngoma wa London. Tangu 1962 duka lile lilikuwa linaunda ampli. Mitch akapeleka Jimi kule. Njo hapa jina linarudi: James Marshall Hendrix akakutana na ampli Marshall. Muzee Marshall alisimulia kisha kama kijana hakutaka kupewa bure. Alitaka kununua kama kila mutu. Alipanga zile bafle nyuma yake kama ukuta, akazifungua mpaka mwisho.

Hapa njo alipita wengine. Ukifungua ampli vile, sauti ya bafle inarudi kutetemesha kamba, kamba inarudisha sauti mu ampli, ampli mu bafle. Inakuwa duara, na gitare inalia yenyewe bila kuguswa. Wapigaji wengi walikimbia ile sauti ao waliitumia kutisha watu tu. Jimi alijifunza kuiongoza: anasogea hatua moja, anageuza mwili, anapinda kamba, na ule mulio unapanda ao unashuka vile anataka. Chini ya muguu aliweka visanduku vya kubadilisha sauti. Kimoja kiliundwa na Roger Mayer, fundi kijana aliyekuwa anafanya kazi ya sauti mu ofisi za jeshi la maji la Uingereza. Gitare yake ilikuwa inapiga, inasema, inalia, na bado ilibakia ndani ya wimbo.

Albamu ya kwanza ilitoka mwaka wa 1967. Mwezi wa 6 wa mwaka ule alirudi Marekani, ku tamasha la Monterey, na mwisho wa kupiga akachoma gitare moto mbele ya watu. Gazeti nyingi ziliandika juu ya ule moto kuliko juu ya muziki. Tarehe 18 mwezi wa 8 mwaka wa 1969, siku ya kwanza asubuhi, alifunga tamasha la Woodstock. Wengi walikuwa wamesha kwenda kazini kwao. Alipiga wimbo wa taifa la Marekani kwa gitare tu, bila maneno, na katikati watu walisikia ndege, mabomu na vilio. Vita ya Vietnam ilikuwa inaendelea, na divizio ya 101, ile yake ya zamani, ilikuwa kule inapigana.

Lakini nyuma ya jukwaa mambo hayakuwa sawa. Yule mufanyabiashara wa dola 1 alikuwa amerudi na karatasi yake mbele ya waamuzi. Ili wamalize, Jimi alipaswa kutoa albamu nzima. Ile ilitoka mwaka wa 1970, na aliipiga pamoja na rafiki yake Billy Cox. Wakati ule ule alikuwa anapelekwa muji na muji, sababu madeni ya studio aliyokuwa anajenga New York yalikuwa mingi. Hakuwa analala vizuri. Alitumia dawa za kulevya, pombe, na dawa za usingizi.

Studio ilifunguliwa mwezi wa 8 mwaka wa 1970. Mwezi uliofuata, tarehe 6, alipiga tamasha lake la mwisho, ku kisiwa cha Fehmarn, Ujerumani. Tarehe 18, ku London, alikunywa dawa za usingizi kupita kipimo, akatapika mu usingizi, akakosa hewa. Walimuzika karibu na Seattle, ku Renton. Hakuacha karatasi ya urizi. Baba yake, yule muzee wa bustani, alipaswa kushitaki mbele ya waamuzi, na alipata haki za nyimbo za mutoto wake mwaka wa 1995 tu, miaka 25 kisha kifo.

Muziki iliendelea. Led Zeppelin na Deep Purple walichukua ile sauti nene na kuiweka juu ya ngoma nzito. Mu Birmingham, muji wa viwanda, kijana mumoja wa mukono wa kushoto pia, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashini ya mabati, siku yake ya mwisho kazini. Aliyeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole. Kisha akalegeza kamba ili zisimuumize, na sauti ikashuka, ikawa nzito zaidi. Kundi lake Black Sabbath lilitoa albamu ya kwanza mwaka wa 1970, miezi saba mbele ya kifo cha Jimi.

Kila mara ni hadisi ile ile: kitu kimevunjika, na mutu anakataa kukitupa. Lakini Jimi anatuachia na ingine. Taa ya ampli ukiipitisha mupaka inaimba vizuri kuliko zote, kisha siku moja inaungua, na fundi anaingiza ingine. Mutu naye anaweza kusukumwa vile vile, na karatasi, na deni, na kazi isiyo na usiku. Ila mutu akiungua, hakuna duka linalouza ingine.